Jinamizi Halina Mwenyewe: Tathmini ya Kitheolojia ya Filamu "Darwin's Nightmare"

1. Utangulizi

Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo "Darwin's Nightmare", yaani Jinamizi la Darwin, kazi ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria. Mandhari yake ni jiji la Mwanza na mialo ya Ziwa Victoria. Habari yake ni samaki aitwaye sangara: jinsi anavyovuliwa, anavyokatwa minofu viwandani, na anavyosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Huko nje filamu hii ilisifiwa sana, hata ikashindania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Kwetu Tanzania, mwaka huohuo, Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba inalipaka taifa matope.

Zaidi ya miaka ishirini imepita, na hasira za wakati ule zimepoa. Kwa hiyo yafaa sasa tuitazame filamu hii kwa utulivu. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la chuo cha theolojia lijishughulishe na sinema. Tunazo sababu mbili. Kwanza, filamu hii inahusu jambo ambalo wachungaji wetu wanaishi nalo kila siku, yaani namna makampuni, mashirika ya misaada na vyombo vya kimataifa vinavyoamua maendeleo ya nchi maskini. Pili, ndani yake yumo mchungaji. Anaonekana kwa dakika chache tu, lakini katika dakika hizo Kanisa limewekwa mbele ya kioo.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba filamu imeona sawasawa mnyororo unaowafunga maskini, lakini imekosea katika kuutaja. Imeuita jinamizi. Jinamizi halina mwenyewe: humjia mtu usingizini, naye hawezi kumshtaki yeyote wala kumwita yeyote atubu. Maandiko Matakatifu huuita unyonge wa maskini kwa jina jingine. Tutaonyesha pia kwamba kosa hilo si la Sauper peke yake, kwa kuwa limo katika taarifa za vyombo vya kimataifa, na limo katika maandiko ya miradi yanayotoka katika ofisi za makanisa.

2. Habari yenyewe

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa utawala wa Waingereza, ili kuongeza mavuno ya ziwa. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa kitoweo cha watu wa kando ya ziwa, wakatoweka kwa wingi. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa ikibadili uchumi wake. Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikafunguliwa, na wenye mitaji wakajenga viwanda vya minofu Mwanza na katika miji mingine ya ziwa. Sangara akawa mali ya kuuzwa nje. Wenyeji wakabakiwa na mifupa na vichwa, ambavyo watu wa Mwanza huviita mapanki.

Sauper ameupanga mnyororo huo kwa picha. Tunaona ndege kubwa za mizigo zikitua. Tunamwona mwenye kiwanda akieleza biashara yake. Tunaona mapanki yakimwagwa kutoka kwenye lori, yakitambaa funza, yakianikwa na kukaangwa, na mwanamke mmoja aliyeharibika jicho kwa hewa kali ya mahali pale. Tunamwona mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelipwa ujira mdogo sana. Tunaona watoto wa mitaani wakigombania sufuria ya wali, na wakivuta moshi wa plastiki iliyoyeyushwa ili wapate usingizi. Tunamsikia binti mmoja akiimba sifa za Tanzania mbele ya marubani wa kigeni. Baadaye tunaambiwa kwamba ameuawa na mteja.

Tusisahau pia ujumbe wa Umoja wa Ulaya. Wageni hawa wanasifu ubora wa viwanda, na sifa hizo si za uongo, kwa kuwa viwanda ni safi kweli. Filamu inaziweka sifa hizo karibu na habari ya njaa iliyolikumba taifa wakati uleule, na ya ombi la msaada wa chakula lililopelekwa kwa mashirika ya kimataifa.

3. Yale ambayo filamu imeyaona sawasawa

Uzuri wa kwanza wa kazi hii ni kwamba inakataa kutenganisha mambo ambayo wakubwa hupenda kuyatenganisha. Biashara ina ofisi yake, msaada una ofisi yake, na usalama wa chakula una ofisi yake. Kila ofisi ina taarifa njema ya kutoa. Kampuni inasema imeleta ajira na fedha za kigeni, na ni kweli. Shirika la misaada linasema limelisha wenye njaa, na ni kweli pia. Wakaguzi wanasema minofu haina vijidudu, na hilo nalo ni kweli. Filamu inaziweka kweli hizi tatu katika siku moja na uwanja mmoja wa ndege, na hapo mtazamaji anatambua kwamba chakula kinaondoka kwa mlango mmoja na kuombwa kwa mlango mwingine.

Jambo hili linathibitishwa na habari ambayo filamu haikuieleza kwa kirefu. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia zaidi ya mara moja samaki wa Ziwa Victoria wasiingie katika soko lake, kwa kuogopa vijidudu, kipindupindu na sumu iliyotumiwa katika uvuvi haramu. Viwanda vilisimama na wavuvi wakakosa wanunuzi. Kisha viwanda vikarekebishwa kwa gharama kubwa: sakafu, maabara, maji, barafu, mavazi ya wafanyakazi. Hatulaumu kanuni hizo, kwa maana mlaji wa Ulaya naye ni jirani, na anayo haki ya kula chakula salama. Tunachokiona ni kwamba chombo cha mbali kilikuwa na uwezo wa kubadili sakafu za viwanda vya Mwanza katika muda mfupi. Uwezo huo ulimlinda mlaji wa minofu. Haukufika uani kwa mla mapanki, wala haukuuliza habari za jicho la yule mama.

Luther, katika andiko lake la mwaka 1524 juu ya biashara na riba, alikanusha ile desturi ya wafanyabiashara ya kuona kwamba mtu ana haki ya kuuza kwa bei ya juu kadiri awezavyo. Kwake yeye, biashara ni tendo linalomhusu jirani, na kwa hiyo limo chini ya hukumu ya Mungu. Filamu hii, ingawa haisemi kwa lugha ya imani, inatusaidia kuyaona matendo hayo yalipofichwa na umbali.

4. Mahali ilipopungukiwa

Hata hivyo hatuna budi kusema wazi kwamba filamu imepungukiwa katika mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Watu wengi wanaohojiwa wanasema Kiingereza, lugha ambayo si yao wala si ya mtengeneza filamu. Mlinzi anatafuta maneno. Binti anajibu kwa vipande. Mtazamaji wa Ulaya anadhani anaona watu wasio na mawazo mapana, watu wanaopokea mateso bila kuyahoji. Sisi tunaowafahamu watu wa namna hii twajua jinsi wanavyoweza kusimulia, kutania na kupima mambo katika Kiswahili au Kisukuma. Mtu aliyenyimwa lugha yake hupunguzwa mbele ya hadhira, hata pale anayemhoji anapomhurumia. Huruma ya filamu ni ya kweli, lakini imewapokonya watu hoja zao na kuwaachia majeraha yao.

La pili ni ushahidi. Filamu inadokeza kwa nguvu kwamba ndege zinazochukua samaki zilikuwa zikileta silaha kwa ajili ya vita vya Afrika. Rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka mizigo ya vita Angola, kisha akachukua zabibu kutoka Afrika Kusini kwenda Ulaya. Ungamo lake ni zito, nasi hatulidharau. Lakini kuungama habari ya Angola hakutoshi kuthibitisha habari ya Mwanza. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliishambulia filamu kwa sababu hii na nyinginezo, mabishano yakafika mahakamani Paris, na mwaka 2008 Sauper alishinda katika shauri la kukashifiwa. Ushindi huo ulilinda heshima yake. Haukuyageuza yale yaliyodokezwa yakawa yamethibitishwa.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, limo katika jina lenyewe. Darwin alifundisha juu ya uteuzi wa asili, na filamu inaitumia picha hiyo hivi: sangara anamla furu, na mwenye nguvu anamla mnyonge, majini na nchi kavu. Picha inavutia, lakini inapotosha. Sangara hakuingia ziwani kwa uteuzi wa asili. Aliwekwa na watu waliokuwa na vyeo na mishahara. Masharti ya mwaka 1986 hayakushuka kama mvua. Yalijadiliwa mezani na kutiwa sahihi. Ujira wa mlinzi uliamuliwa na mwajiri wake. Hata watoto wa mitaani hawakuota kama magugu. Ada ya shule ya msingi, iliyorudishwa katika miaka ya marekebisho ya uchumi, ilifutwa mwaka 2001 kwa uamuzi wa Serikali, na hiyo yatuonyesha kwamba palikuwa na uamuzi tangu mwanzo.

Hapa ndipo theolojia ya msalaba inapotusaidia. Mwaka 1518, huko Heidelberg, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kila kitu kwa jina lake halisi. Mabaya yaliyofanywa na watu huitwa dhambi, na dhambi ina mwenyewe. Nabii Amosi, katika sura ya nane, hasemi kwamba maskini wa Israeli walipatwa na jinamizi. Anataja vipimo vilivyopunguzwa, bei zilizopandishwa na mizani iliyodanganywa. Yakobo, katika sura ya tano, anataja ujira uliozuiliwa wa watu waliovuna mashamba. Manabii na mitume huhesabu matendo, kwa sababu tendo lililotajwa laweza kutubiwa na kurekebishwa. Jinamizi husubiriwa lipite tu.

5. Amri ya nane na ghadhabu ya taifa

Yafaa tuseme neno pia juu ya namna filamu ilivyopokelewa nyumbani. Wengi waliona kwamba taifa limeshuhudiwa uongo, yaani kwamba amri ya nane imevunjwa. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anatufundisha kwamba amri hiyo inatutaka tumtetee jirani, tunene mema juu yake, na tuyaeleze mambo yake kwa upande ulio mwema. Je, Sauper aliwatendea hivyo watu wa Mwanza? Kwa sehemu, hapana. Hatuoni ushirika wa wavuvi, hatuoni wachuuzi wanawake wanaosomesha watoto kwa biashara ya dagaa, wala hatuoni usharika wowote ukikusanyika Jumapili kuwazika wafu na kuwafariji waliobaki.

Lakini jirani wa amri ya nane ni nani? Si sifa ya nchi peke yake. Mama wa mapanki naye ni jirani, na mlinzi naye ni jirani. Kuitetea sura ya taifa huku mama yule hajaulizwa habari ya jicho lake ni kuigeuza amri iwe pazia. Ubishi wa mwaka 2006 ulikwama kwenye swali kama mapanki yalikuwa chakula cha watu au cha mifugo. Ukweli ni kwamba yalitumika kwa yote mawili. Na hata kama yangekuwa ya mifugo tu, swali la ujira na afya ya wanaoyaanika lingebaki palepale.

6. Mchungaji katika filamu

Sasa tumfikie ndugu yetu. Anahudumu kati ya wavuvi, mahali ambapo wanaume wako mbali na nyumbani, wanawake wengi wanaishi kwa kuuza miili, na UKIMWI unaua. Anaulizwa juu ya mipira ya kondomu. Anajibu kwamba Kanisa haliwezi kuishauri, kwa maana kuitumia katika uasherati ni dhambi. Kamera inamwacha hapo, na mtazamaji anamhukumu.

Tunaona kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mchungaji huyu anataja hesabu ya waliokufa katika kambi ile. Ni mmoja wa watu wachache katika filamu nzima wanaoijua hesabu hiyo, na anaijua kwa sababu anazika. Wajumbe wa kimataifa hawakuwa na hesabu ya makaburi. Walikuwa na hesabu ya tani. Huo ni utumishi, nao unastahili heshima.

Pamoja na hayo, jibu lake linatudai. Alitaja dhambi ya mvuvi na ya mwanamke, wala hakukosea kuitaja. Ila hapo alisimama. Hakutaja kilichomfikisha mwanamke yule mwaloni: mume aliyefariki, shamba lililochukuliwa na ndugu za marehemu, tajiri wa mtumbwi anayetaka mwili kabla ya kutoa samaki. Sheria ya Mungu ikihubiriwa kwa mnyonge tu, na mwenye nguvu akaachwa katika hali ya hewa ya jinamizi, hiyo si Sheria kamili. Wanafunzi wetu watakaopelekwa katika mialo wataulizwa swali lilelile. Hawana budi kuwa na jibu linalolinda uhai wa walio hatarini na linalowafikia wote waliotenda, kuanzia mtumbwini hadi ofisini.

7. Kanisa kama shirika la misaada

Ni rahisi kwetu kumkosoa mtu wa Austria. Ni vigumu zaidi kulisoma andiko la mradi lililotoka katika ofisi ya dayosisi. Mara nyingi andiko hilo lina muundo uleule wa filamu. Kijiji kinaelezwa kwa upungufu: hakina maji, hakina zahanati, watu wake hawana elimu. Sababu hutajwa kama majira: ukame, magonjwa, umaskini uliokithiri. Mwenye ghala asiyelipa bei halali hatajwi, wala mpango wa maji uliokufa kwa sababu fedha zake ziliishia njiani. Usharika uliochanga mawe, mchanga na kuku wa mnada hata ukasimamisha jengo la ibada haumo. Mfadhili husoma na kuhurumia, na katika huruma hiyo maskini wamepunguzwa kwa mara ya pili, safari hii na watu wa nyumbani.

Tunajua kwa nini iko hivyo. Vyombo vya kimataifa vina fomu zao, na fomu huuliza mahitaji kuliko haki. Anayeijaza hutaka kufaulu. Lakini Kanisa la Kilutheri lina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1523 mji wa Leisnig, katika Saksonia, uliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini na mahitaji ya kanisa, na Luther akaandika dibaji ya kanuni zake. Wasimamizi kumi walichaguliwa kutoka kwa wakuu, baraza la mji, raia wa kawaida na wakulima wa vijijini, nao walipaswa kutoa hesabu mbele ya watu wote. Mpango huo ulipata matatizo, lakini msingi wake unatufaa: mkulima alikaa penye sanduku, si mlangoni akisubiri.

Kadhalika Mtume Paulo, katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anapochangisha kwa ajili ya Yerusalemu, anawaleta mbele Wamakedonia waliokuwa maskini kama watoaji. Anaomba usawa, na anaweka watu wa kusimamia fedha ili pasiwe na lawama. Hapo mpokeaji na mtoaji wote wana majina na hesabu.

Isitoshe, tumekwisha kuona kwamba jambo lililodhaniwa kuwa majaliwa laweza kubadilika likitajwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 deni la nchi maskini lilizungumzwa kama mlima uliokuwapo tangu uumbaji. Makanisa mengi, kaskazini na kusini, yalijiunga na kampeni ya Yubile 2000, yakauliza nani alikopesha, nani alikopa, na nani analipa. Mwishoni mwa mwaka 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa msamaha wa madeni, na sehemu kubwa ya deni lake la nje ikapunguzwa. Mlima ule ulikuwa mikataba, na mikataba ilifunguliwa.

8. Hitimisho

Ziwa la leo si lile la mwaka 2004. Sangara wamepungua na wakubwa ni adimu. Mabondo yao yanatafutwa kwa bei kubwa kwa ajili ya soko la China, na dagaa, kitoweo cha maskini, wanagombaniwa na wasaga chakula cha mifugo. Wanunuzi wamebadilika, maswali hayajabadilika. Kwa hiyo tunapendekeza filamu hii iendelee kutumiwa katika vyuo vyetu, lakini kwa namna ifuatayo.

Itazamwe kwa vituo. Kila inapomwonyesha mtu aliyeumia, isimamishwe, na wanafunzi waulize kwa Kiswahili: nani aliamua, lini, kwa karatasi gani, na nani alikuwa na uwezo wa kuamua vingine? Kisha waende mwaloni, au sokoni, au shambani, wakawaulize watu wenyewe maswali hayohayo kwa lugha yao, na wayaandike majibu kama yalivyosemwa. Mwishowe walete andiko moja la mradi wa usharika wao, walipime kwa kipimo hicho, na walisome mbele ya wazee wa usharika kabla halijapelekwa kwa mfadhili.

Katika Injili ya Yohana, sura ya ishirini na moja, Bwana mfufuka anawakuta wavuvi ufukweni. Tayari ana moto na samaki juu yake. Hata hivyo anawaomba walete sehemu ya samaki waliovua wao. Hakuwalisha kana kwamba mikono yao ilikuwa mitupu. Na baada ya chakula, karibu na moto uleule, alimwuliza Petro swali kwa jina lake, mara tatu, mpaka lile alilolitenda usiku wa kukamatwa likapata kuponywa.